Kofia Juu ya Kichwa cha Mkwe

Ukifika Mnyambe, kwetu Newala, wakati wa kupuliza salfa unaweza kudhani umekosea karne. Ndani ya wingu la unga wa njano, katikati ya mikorosho, anatokea mama mmoja na mtoto mgongoni, ndoo mkononi, na kichwani kofia ya kengele, ile inayoshuka mpaka kwenye nyusi, kama ya wanawake wa kwenye picha zisizo na rangi wanaopanda gari lenye magurudumu ya baiskeli. Nyuma yake mumewe, mashine ya salfa mgongoni, kavaa pama la ukingo mpana lenye utepe, unyoya wa kanga umechomekwa pembeni. Hawaendi harusini. Wanaenda shambani. Ukingo unazuia salfa isiingie shingoni, na unyoya, kwa maelezo ya mwenye kofia, ni wa kuujulisha mkorosho kuwa leo kaja bosi.

Aliyetuvalisha haya yote anaitwa Ambrosi.

Ambrosi si wa hapa. Ni mtu wa Chiwata, huko chini upande wa Masasi, akapandishwa Newala na ndoa. Kwetu mwanamume akioa anahamia kwa mke. Yaani, tukisema bila kuzungusha, mwanamume ndiye anayeolewa, ila usimwambie hivyo kabla hajala. Nyumba anayolala imejengwa kwenye kiwanja cha ukoo wa mkewe, Isabela. Mikorosho ni ya ukoo wa Isabela. Hata jogoo anayemwamsha ni wa ukoo wa Isabela, na anawika kwa dharau hiyohiyo. Vya Ambrosi ni viwili tu, cherehani na adabu, na adabu ndiyo iliyomweka hapo. Mama mkwe akichukia, wajomba wanakaa kikao, na kikao kikiisha mwanamume anarudi kwao na cherehani kichwani. Mke anabaki, mtoto anabaki. Tumewaona walioshuka hivyo. Hakuna anayewapungia mkono.

Kwa hiyo Ambrosi alikuwa na adabu ya kupitiliza. Siku hizi vijana wanawatumia mama wakwe vichekesho kwenye simu. Yeye alilelewa na bibi yake, akafundishwa kizamani: mama mkwe hakutazami usoni wala wewe humtazami, huli mbele yake, huketi naye chumba kimoja, na ukikutana naye njiani unaacha njia, unachuchumaa pembeni, unainamisha macho na kuitoa shikamoo yako kuelekea ardhini. Chuoni, kabla sijakiacha chuo katikati, jambo hili lilikuwa na jina refu na swali lake kwenye mtihani. Ambrosi hakuwa na jina lake. Alikuwa na magoti yenye sugu.

Na mama mkwe mwenyewe, Bi Veridiana, ni mwanamke mwenye uso usiosahaulika. Simsengenyi, naeleza tu. Paji limetoka mbele kama baraza. Mashavu yamejaa hata mwaka wa njaa. Mdomo wa chini umetangulia kidogo, kama mtu ambaye ameshakujibu na anangoja ufike. Tarafa nzima inaujua uso ule, isipokuwa mtu mmoja.

Kofia zilianza na pama la babu yake Ambrosi, ambalo mzee alilivaa kwenda kanisani Lukuledi maisha yake yote, akazikwa bila hilo kwa kuwa pama lilikuwa bado zima. Ambrosi alilirithi. Wakati huo alikuwa akishona sare za shule, kazi yenye rangi mbili na huzuni moja. Siku moja akapata kwenye mtumba makoti mazito ya sufu, ya baridi ya huko kwa wenye baridi yao. Akalikata moja, akalifinyanga huku akitazama picha za zamani kwenye simu, likatoka pama. La pili likatoka kengele. Baada ya hapo hakukamatika. Kofia ya duara, ngumu, akaiita Bakuli. Ile ndefu kama bomba la moshi akaiita Mheshimiwa. Ile yenye wavu unaofunika macho akaiita Mjane Tajiri, na wavu wake ulikuwa kipande cha chandarua, kwa hiyo Mjane Tajiri haumwi na mbu, neema ambayo wajane wa kawaida hawana.

Yeye mwenyewe alivaa Mheshimiwa kila siku, hata kwenda kuchota maji. Akifika bombani aliivua, akaiweka kwenye foleni katikati ya ndoo za watu, ishike nafasi yake, akarudi zake kushona. Watu waliiheshimu. Foleni ikisogea, waliisogeza. Kuna siku aliikuta imeshafika mbele na kina mama wanabishana kama waijazie.

Ugumu wa kofia ulitokana na uji wa muhogo. Sufu ukiiloweka kwenye uji wa unga wa makopa, ukaikausha kwa pasi, inakaa kama bati. Shida ni kwamba ukishamaliza, umetengeneza chakula. Bi Ziada, muuza vitumbua, aliinama kuokota kitumbua kilichomponyoka, na mbuzi aliyekuwa nyuma yake akala Bakuli upande mmoja mpaka kwenye utepe. Ziada alikuja kulalamika. Ambrosi aliitazama kofia, akamwambia huo sasa ni mtindo mwingine, unaitwa Mwezi Mchanga. Ziada aliondoka akiringa.

Kitu kimoja tu kilimkosesha raha. Kofia hufinyangwa juu ya kitu chenye umbo la kichwa, na Ambrosi alikuwa akitumia sufuria. Sote tukawa na utosi bapa. Mvua ikitukuta njiani, kila mtu alifika nyumbani na maji ya kunawa. Basi akaenda kwa Yoeli mchongaji, akamwomba amchongee kichwa. Cha mtu mzima, cha kawaida, cha kufinyangia kofia tu. Pua haihitajiki.

Kosa lilizaliwa hapo. Huwezi kumwambia mchongaji wa Kimakonde achonge kichwa halafu aache uso. Ni kama kumwambia jogoo awike nusu. Yoeli alijitahidi, hilo tunampa. Akachonga utosi, akachonga kisogo, akafika mbele, akaona gogo la mninga linamwelekea halina macho, akakosa amani. Na barazani kwake wiki ile alikuwa akishinda mteja anayesubiri mchi wa kinu, mtu asiye na haraka, amemkalia uso kwa uso. Mteja huyo ni Bi Veridiana. Yoeli akawa anainua macho, anashusha patasi. Alipoulizwa baadaye alisema yeye hakumchonga mtu yeyote, mkono ndio ulimjua.

Ambrosi alikipokea kichwa, akakigeuza huku na huku, akakitazama usoni kwa utulivu wa mtu ambaye hajawahi kuuona uso huo maishani.

"Yoeli," akasema, "huyu mama uliyemtunga ana sura ya kesi. Lakini kichwa kimekaa vizuri."

Akakiweka juu ya meza, kikitazama mlangoni. Na kuanzia siku hiyo, kila asubuhi, Ambrosi mwenye adabu alimvisha mama mkwe wake sufu iliyolowa uji wa moto, akamfunga kamba shingoni, akamgonga nyundo ya mti utosini, akamchoma pini kwenye lile paji. Akichoka, alitundika tepu ya kupimia kwenye mdomo wa chini, ambao kwa kazi hiyo ulikuwa umetangulia vizuri kabisa.

Sisi wateja tuliona mara moja. Mtu aliingia akiwa na shida ya kofia, akakutana na uso ule, akatoa shikamoo kabla hajajizuia. Ambrosi alidhani anasalimiwa yeye, akaitikia marahaba hata kwa watu wazima, na sifa yake ya kujikweza ikaanzia hapo. Watu walifika kutoka vijiji vya mbali kuagiza kofia ambazo hawakuzihitaji, mradi wamwone anavyogonga. Vichwa vikajaa kofia. Biashara haijawahi kwenda vile.

Isabela naye? Siku ya kwanza aliingia na chai, akatoka na chai. Tulimuuliza mbona hamwambii mumewe. Alikuwa ameshalipigia hesabu. Akimwambia, atakuwa anajua. Akishajua, kila nyundo ni kosa. Asipojua, ni kazi. Tukakubali kwamba mwanamke huyu alistahili kuwa hakimu.

Ingeendelea hivyo hadi leo kama Bi Veridiana mwenyewe asingetaka kofia. Mjukuu wake alikuwa anaolewa Masasi, na yeye ndiye angekaa mbele. Akamtuma Isabela amwambie fundi kwamba hataki zile za kuendea shamba, anataka ya kukaa nayo mbele ya watu wa Masasi.

Ambrosi aliipokea oda hiyo kama mtu aliyepewa mtihani wa kubaki. Kofia ikimkaa vibaya mama mkwe mbele ya watu, basi. Lakini utampimaje kichwa mtu ambaye huruhusiwi hata kukutana na kivuli chake? Akampa Isabela uzi. Isabela akaenda, akamzungushia mama yake, akafunga fundo, akarudi nao. Ambrosi akauzungusha kwenye kichwa cha mninga ili ajue aongeze wapi.

"Mke wangu, njoo uone," akasema taratibu. "Fundo limekaa palepale. Mungu huyu."

Isabela akakubali kwamba Mungu huyu, akatoka, akakaa nyuma ya choo mpaka alipopata nafuu. Aliporudi alikuta swali linamngoja: kofia ya sherehe hufuata uso, sasa mama ana uso wa namna gani?

"Miaka yote hii hujui?"

"Nitajuaje? Mimi si mhuni."

Akamwambia ashone tu kama inavyokipendeza kichwa kile cha mti, na mama itampendeza. Ambrosi akaona mkewe siku hizi anatoa ushauri wa kisanii.

Akaishona. Kengele ya sufu ya zambarau, wavu nusu, manyoya ya kanga yamelala kushoto. Alikuwa amebakiza kuibana ukingo siku Bi Veridiana aliposhindwa kungoja. Alikuja mwenyewe. Alikohoa kwa mbali kama inavyotakiwa, ili mkwe apate nafasi ya kupotea, na Ambrosi aliposikia kikohozi kile alipita dirishani kwa mazoea, Mheshimiwa ikabaki kwenye kizingiti.

Bi Veridiana akaingia. Juu ya meza akamkuta Bi Veridiana. Ana kofia nzuri, pini nne kwenye paji, kamba shingoni, birika linampulizia mvuke puani, na tepu imening'inia mdomoni.

Isabela alikuja mbio, akakuta mama zake wawili wanatazamana. Kwa simulizi yake, yule wa nyama ndiye aliyepepesa kwanza. Aliitoa tepu kwenye mdomo wa mti, akaikunja, akaiweka mezani, akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake, Mjomba Alfredi, ambaye ndiye mkuu wa ukoo.

Isabela alimfuata mumewe nyuma ya nyumba, akamwambia kichwa kile ni mama.

"Mama nani?"

"Mama yangu."

Ambrosi akakaa chini, mchangani. Akauliza kitu kimoja tu:

"Na tepu?"

"Na tepu."

Akaanza kufungua mguu wa cherehani ili iwe rahisi kubeba.

Kikao kilifanyika uani kwa Mjomba Alfredi. Wajomba walifika na pama zao, wakaketi, kisha wakakumbuka zimeshonwa na nani na juu ya nini, wakazivua wote na kuzificha chini ya viti. Katikati ya ua walitundika kitenge kwenye kamba, Bi Veridiana akakaa nyuma yake ili mkwe aweze kuwapo bila kumwona. Kichwa cha mninga kiliwekwa juu ya kigoda, kimefunikwa taulo. Bi Ziada alikuja na vitumbua, kwa kuwa kikao cha ukoo ni soko kama masoko mengine.

Shitaka lilikuwa fupi: mtu huyu anampiga mama mkwe nyundo tangu mvua za mwanzo. Mjomba mmoja aliongeza kwamba sasa maumivu ya kichwa ya dada yao yameeleweka. Sauti nyuma ya kitenge ikasema haijawahi kuumwa kichwa. Mjomba akasema hilo ndilo baya zaidi.

Ambrosi alijitetea macho yakiwa chini. Alisema hakujua. Mjomba Alfredi alimuuliza inawezekanaje mtu aishi hapa mpaka mtoto wake Agnes anajua kusoma, asijue sura ya mama mkwe.

"Siijui, mjomba," akasema. "Ningekuwa naijua, ndipo mngepaswa kuniita."

Watu walianza kuligeuza neno lile na kuliona limekaa vibaya kwa wazee. Akiwa anasema kweli, basi huyu ndiye mkwe mwenye adabu kuliko wote waliowahi kupandishwa Newala, na wanataka kumfukuza kwa adabu yake. Akiwa anadanganya, basi alikuwa akiutazama uso ule na kuugonga. Mjomba Alfredi akakuna utosi uliozoea kofia.

"Kwa hiyo kwa mama huyu wewe unajua nini?"

"Miguu."

Wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mguu wa kushoto, kidole cha pili kimepanda juu ya dole gumba," akasema. "Kisigino cha kulia kina ufa wenye njia panda. Kifundoni kuna kovu la jembe, dogo, kama punje ya choroko. Anavaa kandambili za bluu. Ya kulia ilikatika mkanda siku ya msiba wa Mzee Yohana. Alipoziacha mlangoni nikaushona kwa waya wa shaba, ncha nikazigeuzia chini zisimchome."

Wajomba wote wakainama kwa pamoja, wakachungulia chini ya kitenge, ambacho hakikufika ardhini. Walikaa wameinama muda mrefu, kama watu wanaotafuta sindano. Nyuma ya kitenge ikasikika kandambili ikivuliwa, ikageuzwa, ikavaliwa tena.

"Nilidhani ni Yoeli," sauti ikasema.

Mjomba Alfredi alitaka angalau atoe hukumu fulani, kwa heshima ya vitumbua vilivyoliwa. Akapendekeza mkwe abaki, kichwa kichomwe moto. Hapo kitenge kilitikisika.

"Nani achomwe? Nimekulea mimi, Alfredi, leo unichome?"

Basi ikaamuliwa kichwa kinabaki. Lakini mkwe ni mkwe, awe wa nyama au wa mninga. Uso utazame ukutani. Tepu marufuku. Nyundo isipigwe kabla ya kuomba radhi. Na Ambrosi, kwa kuwa sasa anajua ni nani, asikitazame anapofanya kazi.

Ndiyo maana ukipita leo kibandani kwake utamkuta amekipa mgongo, mikono imezungushwa nyuma, anafinyanga sufu kwa kupapasa. "Samahani, mama." Nyundo. "Samahani, mama." Nyundo. Kofia zote sasa zinatoka zimelala kushoto. Tuliogopa wateja watakimbia. Wateja wakaona ni mtindo, wakauita Mkao wa Mkwe. Masasi kuna fundi ameanza kuiga, lakini za kwake zinakaa wima, na watu wanazikataa wakisema ni feki.

Harusini Masasi, Ambrosi alikwenda na Mheshimiwa yake ameishika mkononi, macho chini, anatafuta kandambili za bluu. Hazikuwapo. Siku hiyo Bi Veridiana alikuwa amevaa viatu vya kufunika, vya kuazima. Wanawake waliokaa safu ya mbele wote walikuwa na kofia za Ambrosi, na ili uione kofia lazima upite usoni kwa mtu. Akachuchumaa mbele ya viatu vya kwanza, akatoa shikamoo kwa shangazi wa bwana harusi. Akasogea, akamwamkia mke wa mwenyekiti. Akasogea, akamwamkia msichana mdogo kuliko Isabela, ambaye alianza kulia kwa aibu. Watu wa Masasi walikuwa wanaulizana huyu fundi amepotelewa na nini huko chini.

Mwisho wa safu, chini ya kengele ya zambarau iliyomkaa kama amezaliwa nayo, Bi Veridiana aliangalia mbele kwenye keki. Bila kushusha macho akakanyaga kisigino cha kiatu cha kushoto, akauchomoa mguu, akausogeza mbele kidogo kwenye mwanga. Kidole cha pili kikapanda juu ya dole gumba.

Ambrosi akafika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba Agnes," akasema, na kurudisha mguu kwenye kiatu.